Kufunga Mfumo wa Kuchaji Betri kwenye Boti: Mwongozo Kamili

Betri nyingi za boti huku pwani hazifi kwa uzee. Hufa kwa njaa ya chaji, huku altaneta, ile mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini, ikizunguka kila siku na mwenye boti akililaumu duka. Ukifuatilia unakuta waya mwembamba, kiungo kimoja kimeota kutu ya kijani, na betri ya kuwashia injini imefungwa pamoja na ya taa bila kitu cha kuzitenga. Betri inapokea volti 13.4 wakati inahitaji 14.4. Taa zinawaka, injini inawaka, hakuna anayeshtuka, mpaka sahani za risasi zinapoganda salfa na ile betri mpya ya saizi ya N70 inashindwa kufika alfajiri.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye njia ya umeme kuliko kwenye betri yenyewe. Mfano wetu ni boti ya faiba ya mita 9 yenye injini ya dizeli ya ndani, altaneta ya ampia 70 na mfumo wa volti 12. Inatoka jioni kuvua na kurudi asubuhi, kama zile za Tanga, Pemba, Mafia au Shimoni. Mwenye mashua ya mbao iliyowekwa injini atafuata hatua hizihizi. Mwenye mashine ya nje ya kuvuta kamba ana sehemu yake huko mbele.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kununua

Chukua karatasi, andika kila kitu kinachokula umeme, ampia zake, na saa zitakazotumika kwa usiku mmoja. Zidisha, upate ampia-saa. Kwa boti yetu:

- Taa za njia za LED, zote pamoja: ampia 0.8 kwa saa 11 = 8.8
- Taa za kazi za LED: ampia 3 kwa saa 8 = 24
- GPS na kitafuta samaki: ampia 1 kwa saa 8 = 8
- Redio ya VHF ikisikiliza: ampia 0.4 kwa saa 12 = 4.8
- Redio ikitangaza: ampia 5 kwa robo saa = 1.3
- Pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti): ampia 4 kwa nusu saa = 2
- Kuchaji simu: ampia 1 kwa saa 4 = 4

Jumla ni ampia-saa 53 hivi. Ampia utazikuta kwenye kibandiko cha kifaa. Kama kimeandika wati, gawanya kwa 12.

Betri ya risasi haitaki kunyonywa zaidi ya nusu. Ukiishusha chini ya hapo mara kwa mara, unakata maisha yake vibaya. Kwa hiyo ampia-saa 53 zinahitaji betri isiyopungua 106, na hapo hujaweka akiba yoyote. Mimi ningefunga betri mbili za ampia-saa 100. Usiku mmoja unakula robo na ushee, na usiku wa pili ukipita bila jua wala injini ndipo mnafikia nusu.

Ukiona jumla imepanda mno, rudi kwenye orodha kabla ya kwenda dukani. Kubadilisha taa za kazi za balbu za zamani kuwa za LED kunapunguza mzigo kuliko betri ya tatu itakavyosaidia, na betri ya tatu ina karibu kilo 30 za kubeba maisha yake yote.

Hatua ya 2: Tenga betri ya kuwashia

Boti inayotoka nje ya miamba iwe na betri za kazi mbili tofauti. Moja ni ya stata peke yake. Nyingine, au jozi nyingine, ni ya taa, redio na vifaa vyote. Sheria hii haina mjadala: hata kijana akilala na taa zote zinawaka, asubuhi injini lazima iwake.

Betri ya stata hutoa umeme mwingi kwa muda mfupi. Stata ya dizeli ndogo inaweza kuvuta ampia 250, lakini kwa sekunde 5 tu. Ukipiga hesabu ni ampia-saa 0.35, nusu ya ampia-saa haifiki. Ndiyo maana betri hii hurudishiwa chaji yake ndani ya dakika chache baada ya injini kuwaka. Inayohitaji masaa ya kuchajiwa ni ile ya matumizi, na mfumo wote unapaswa kujengwa kwa kuifikiria hiyo.

Kwa stata nunua betri ya kawaida ya kuwashia, N70 au N100 kulingana na injini. Kwa matumizi nunua ya mzunguko wa kina, ile yenye sahani nene. Betri ya gari inafungwa sana kwenye matumizi kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka, ila sahani zake nyembamba hazikuundwa kunyonywa usiku kucha. Itakwenda msimu, kisha utanunua nyingine.

Betri mbili za matumizi unazounganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Ukiweka mpya na kuukuu, kuukuu itaivuta mpya chini. Unapoziunganisha, chukua chanya kutoka betri ya kwanza na hasi kutoka betri ya pili, kwa mshazari, ili zote mbili zifanye kazi sawa. Ukichukua chanya na hasi kwenye betri moja, hiyo moja ndiyo itakayochoka mwanzo.

Hatua ya 3: Mahali pa kukaa betri

Usiziweke kwenye chumba cha injini kama una pengine. Joto linaua betri ya risasi: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 zinapunguza maisha yake karibu nusu. Pwani tayari tuko nyuzi 30 na zaidi kabla injini haijawaka.

Ziweke chini, karibu na katikati ya boti, lakini juu ya kiwango cha maji ya ngama. Hili la ngama lisichukuliwe mzaha. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri ya asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo kwenye chumba kilichofungwa ni hatari kwa aliyemo. Betri ikichajiwa hutoa pia haidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Haidrojeni ni nyepesi, inapanda, kwa hiyo tundu la kupumulia liwe juu ya kasha na litoke nje.

Kasha liwe la plastiki au faiba lisiloliwa na asidi, lenye mfuniko, na betri ifungwe kwa mkanda au chuma mpaka isicheze hata ukiisukuma kwa nguvu. Siku ya kusi, boti ikipiga kichwa kwenye wimbi, betri ya kilo 30 isiyofungwa inaweza kupasua kasha na kuangukia waya wake yenyewe. Funika vichwa vyote vya chanya kwa kofia za mpira. Spana ikiangukia kati ya chanya na hasi, haiponi spana wala mkono.

Hatua ya 4: Waya

Hapa ndipo fedha zinapookolewa kimakosa, basi tukae kidogo.

Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai kwenye boti. Mtikisiko wa injini unauchosha na kuukata ndani ya ganda, mahali usipopaona. Tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba, na kama unapatikana, ule ambao kila uzi umepakwa bati. Shaba tupu kwenye hewa ya chumvi inageuka nyeusi, na weusi huo unapanda ndani ya ganda sentimita nyingi kutoka kwenye kiungo. Waya wa bati ni ghali na maduka mengi hayana. Ukilazimika kutumia shaba ya kawaida, ziba ncha zake vizuri na ujue utaubadilisha mapema. Wa ziwani, Victoria au Tanganyika, ana nafuu kwa hili kwa sababu maji yake hayana chumvi, ila mtikisiko ni uleule.

Unene haukisiwi kwa jicho. Kuna hesabu moja inayotosha:

Volti zinazopotea = mita za kwenda na kurudi × ampia × 0.0175 ÷ unene wa waya kwa milimita za mraba.

Hiyo 0.0175 ni ukinzani wa shaba. Kumbuka umeme unakwenda kwa chanya na kurudi kwa hasi, kwa hiyo umbali wa mita 3 unahesabiwa mita 6.

Tuchukue altaneta yetu ya ampia 70, mita 3 kutoka kwenye betri. Kwa waya wa milimita 6: 6 × 70 × 0.0175 ÷ 6 = volti 1.2. Altaneta inatoa 14.4, betri inaona 13.2. Hiyo haiwezi kuijaza betri, na waya wenyewe utapata moto. Kwa waya wa milimita 25, upotevu ni volti 0.29. Kwa milimita 35 ni 0.21. Lengo kwenye njia za kuchaji ni kutovuka asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa 12, na chini ya hapo ni bora zaidi. Kwa boti yetu ningechukua 25 kama betri iko karibu, 35 kama kuna kona nyingi.

Ni kweli kwamba betri ikikaribia kujaa ampia zinashuka na upotevu unapungua nao. Lakini ukitoka Pangani kwenda kutega na kurudi, injini inafanya kazi saa chache tu, na saa hizo ndizo zinazoliwa na waya mwembamba.

Mwisho wa kila waya mnene unawekwa lagi, kile kipande cha shaba chenye tundu. Lagi inabanwa kwa koleo lake maalumu la kubania, la mkono au la haidroliki. Kuipiga kwa nyundo kunaacha nafasi za hewa ndani, na chumvi inaingia humo. Kulehemu kwa risasi peke yake nako hakutoshi: risasi inapanda ndani ya nyuzi, inazifanya ngumu kama fimbo, na zinakatika pale ugumu unapoishia. Kama huna koleo, katisha nyaya kwa vipimo, uzipeleke kwa fundi mwenye nalo, akubanie zote kwa mara moja. Vuta kila kiungo kwa nguvu zako zote kabla ya kukiamini. Kisha kivishe mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani, maana gundi ndiyo inayozuia maji.

Rangi: chanya nyekundu, hasi nyeusi, hiyo inajulikana. Ila kama boti ina chaja ya umeme wa volti 230, tumia njano kwa hasi ya betri. Nyumba nyingi za zamani Tanzania na Kenya zilifungwa kwa nyekundu kwenye umeme wa moto na nyeusi kwenye nyutro. Fundi wa nyumba akiingia kwenye boti na kukuta nyeusi mbili zinazofanya kazi tofauti, anaweza kukosea kwa nia njema kabisa.

Hatua ya 5: Fyuzi, moja kwa kila njia

Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Kwa hiyo ukubwa wake unafuata waya, na mahali pake ni karibu na betri. Kanuni za kimataifa za boti zinataka isizidi kama sentimita 20 kutoka kwenye betri, na sababu yake inaeleweka: kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Kikipata shoti kitawaka mpaka betri iishe au boti iungue.

Njia ya altaneta ya ampia 70 kwa waya wa milimita 25 iwekewe fyuzi ya ampia 100, upande wa betri. Usiweke ya 70 kamili. Fyuzi ikikatika injini ikiwa inazunguka, altaneta inabaki bila mzigo kwa ghafla, volti zinaruka na kuunguza diodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

Waya unaounganisha betri ya stata na ya matumizi unahitaji fyuzi mbili, moja kila mwisho. Wengi huweka moja. Lakini pande zote mbili zina betri, na shoti katikati italishwa kutoka pande zote mbili.

Waya mkuu wa stata peke yake huachwa bila fyuzi kwa kawaida, kwa kuwa ampia zake ni nyingi mno. Kwa hiyo uwe mfupi, mnene, upite mbali na mabomba ya moshi, na uvikwe mpira kila unapopita kwenye taruma au tundu la chuma.

Hatua ya 6: Kuunganisha

Anza na betri zote zikiwa hazijaguswa. Chora mchoro kwanza, hata wa kalamu ya risasi, na uweke namba kwenye kila waya pande zote mbili.

Hasi zote zikutane kwenye upau mmoja wa shaba. Hasi ya betri ya stata, hasi za betri za matumizi na waya kutoka kwenye mwili wa injini zote ziende hapo, kwa waya usiopungua unene wa chanya zake. Injini iguswe na hasi mahali pamoja tu. Ukiacha vifaa vya ngamani vijitafutie hasi kwenye bolti na mabomba, umeme unaotoroka utapita kwenye maji na kula propela na shafti. Zinki, vile vipande vinavyofungwa viliwe badala ya propela, zikiisha upesi kuliko kawaida, shuku hilo kwanza.

Chanya ya altaneta, kwenye injini nyingi ndogo, tayari inakwenda kwenye kichwa kikubwa cha stata na kutoka hapo kwenye betri ya stata. Iache hivyo kama nyaya ni nene za kutosha. Baadhi ya mafundi hupenda kupeleka altaneta moja kwa moja kwenye betri za matumizi, kisha kuilisha ya stata kutoka huko. Kwa boti zenye friji na betri nyingi wana hoja. Kwa boti ya kuvulia, nakubaliana na njia fupi: usiguse kilichofungwa na kiwanda, ongeza kitenganishi tu.

Kitenganishi ninachokipendekeza ni relei ya volti. Inaangalia volti za betri ya stata. Zikipanda na kufika kama 13.3 hadi 13.8, kutegemea aina, inaunganisha betri zote zichajiwe pamoja. Injini ikizimwa na volti kushuka karibu 12.8, inazitenga yenyewe. Hakuna wa kukumbuka kugeuza kitu. Njia ni hii: chanya ya stata, fyuzi, relei, fyuzi, chanya ya matumizi, na waya mwembamba mweusi wa relei kwenye upau wa hasi.

Utakutana pia na kitenganishi cha diodi. Kinafanya kazi bila kusogea chochote, lakini diodi inakula kama volti 0.7, na tumeshaona volti zinazopotea njiani zinavyoinyima betri chaji. Kisifungwe isipokuwa altaneta ina waya wa kupima volti kwenye betri yenyewe. Ile swichi ya duara ya 1, 2, zote na zima bado ipo kwenye boti nyingi. Ubaya wake ni mkono wa mtu: ikipitishwa kwenye zima injini ikizunguka, diodi za altaneta zinaweza kwenda palepale.

Swichi kuu ziwe mbili, moja ya stata na moja ya matumizi, na ya tatu ya dharura inayoziunganisha kwa mkono siku betri ya stata ikigoma. Hiyo ya tatu ikae imezimwa, na iandikwe.

Pampu ya ngama yenye swichi ya kuelea haipiti kwenye swichi kuu. Inachukua chanya yake moja kwa moja kwenye betri ya matumizi, kwa fyuzi yake. Boti inavuja hata ikiwa imefungwa nangani na wenyewe wamelala nyumbani.

Mwisho kabisa ndipo unafunga betri: chanya kwanza, hasi baadaye. Kuondoa ni kinyume, hasi kwanza. Kaza, kisha paka grisi au vaselini juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Hatua ya 7: Sola

Sola kwenye boti yetu haichukui nafasi ya altaneta, inamalizia kazi yake. Betri ya risasi inakula haraka mpaka asilimia 80 hivi, kisha inaanza kula polepole kwa masaa, na hakuna anayeunguza dizeli masaa manne kwa ajili ya asilimia 20. Jua linafanya hivyo bure boti ikiwa imetulia nangani.

Paneli mbili za wati 100 kwa jua la pwani, saa 5 za jua kali, ukitoa hasara za joto na vumbi la chumvi, zinaleta kama wati-saa 750. Ukigawanya kwa volti za kuchaji, karibu 13.6, hiyo ni ampia-saa 55 hivi. Tulitumia 53, ila betri ya risasi inataka kurudishiwa zaidi ya ilichotoa, kama 62. Upungufu huo mdogo unajazwa na injini mkirudi. Wakati wa masika, mawingu yakishuka, usitegemee hata nusu ya hapo.

Kati ya paneli na betri panakaa kidhibiti chaji. Cha MPPT, kinachogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampia, cha ampia 20 kinatosha. Cha PWM, aina ya kawaida isiyogeuza volti hizo, ni nafuu na kinadumu, lakini kinapoteza sehemu ya volti za paneli. Kwa paneli mbili tofauti ya bei bado inavumilika, hivyo ningelipa. Kiweke pakavu, karibu na betri. Tumia waya wa milimita 6 kutoka kwenye paneli na kwenda kwenye betri, na fyuzi ya ampia 25 upande wa betri. Kiunganishwe kabla ya swichi kuu, ili kichaji hata kila kitu kikiwa kimezimwa. Wakati wa kufunga, betri iunganishwe kwanza, paneli baadaye, na kutoa ni kinyume. Vidhibiti vingi hutambua volti za mfumo kwa kuisoma betri, na paneli ikitangulia kinaweza kuharibika.

Kivuli cha mlingoti au cha antena kikikatiza paneli, hata kama ni chembamba, kinashusha umeme kupita ukubwa wake. Zifunge sambamba, si mfululizo, ili moja ikipata kivuli nyingine iendelee.

Weka kidhibiti kwenye aina yako ya betri. Kwa betri ya maji ni volti 14.4 hadi 14.8 za kujaza, AGM (iliyofungwa, asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) 14.4 hadi 14.7, jeli 14.1 hadi 14.2, kisha zote zishuke kwenye 13.5 hadi 13.8 za kushikilia. Kama kuna waya wa kupima joto, ubandike kwenye betri. Betri yenye joto la nyuzi 35 inataka volti pungufu kama 0.2 kuliko ya nyuzi 25, la sivyo itachemsha maji yake.

Kwa wenye mashine za nje

Mashine nyingi ndogo za kuvuta kamba hazina njia ya kuchaji kabisa, au zina koili ya taa tu inayotoa umeme wa kupishana. Koili hiyo haifungwi kwenye betri bila kigeuzi na kirekebisha volti, kwani mashine ikikimbia volti zinaweza kupita 15. Ampia zake nazo ni chache, na zikiwa kwenye mwendo wa taratibu wa kutega nyavu ni chache zaidi. Kwa boti za namna hii, kama zile za dagaa zinazobeba taa za LED ziwani, sola na chaja ya nchi kavu ndizo mfumo wenyewe. Mashine ihesabiwe kama nyongeza. Na mashine inayochaji isizungushwe betri ikiwa imefunguliwa.

Lithiamu

Betri za lithiamu fosfeti zinavutia: nyepesi, zinanyonywa asilimia 80 bila kulalamika, na zinakula chaji kwa kasi. Kasi hiyo ndiyo taabu. Altaneta ndogo ikiona betri isiyokataa itatoa nguvu yake yote mpaka iungue. Tena kidhibiti cha ndani ya betri kinaweza kukata ghafla, na tumeshaona altaneta iliyokatiwa mzigo inakuwaje. Ukitaka lithiamu kwa matumizi, iache ya risasi kwenye stata, na kati yake weka chaja ya betri kwa betri ya ampia 30 badala ya relei ya volti. Itainyima altaneta nafasi ya kujichosha.

Kupima na kufuatilia

Bila multimita, kile kipimo cha volti na ampia, usitoke. Acha betri zipumzike masaa machache bila mzigo wala chaji, kisha pima: 12.7 ni imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 ni tupu. Betri isikae wiki nzima chini ya 12.4.

Washa injini, iongeze mwendo kidogo, washa taa ili kuwe na mzigo. Kwenye betri ya stata unatarajia 14.0 hadi 14.4. Subiri relei ilie, kisha pima betri ya matumizi. Sasa gusa kichwa cha altaneta kwa ncha nyekundu ya mita na chanya ya betri kwa ncha nyeusi. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea kwenye njia hiyo. Fanya hivyo upande wa hasi pia, kati ya mwili wa altaneta na hasi ya betri, maana watu hukagua chanya na kusahau kwamba hasi nayo ni waya. Zikizidi 0.3, tembeza ncha kiungo kwa kiungo mpaka uone namba inaporuka. Kiungo hicho mara nyingi utakihisi kwa mkono, kina moto.

Betri za maji ziangalie kila mwezi. Sahani zifunikwe daima, na juu yake uongeze maji ya betri tu, baada ya kuchaji na si kabla. Maji ya kisima yana chumvichumvi zinazobaki ndani milele.

Kama boti inakaa siku kadhaa na ukirudi unakuta volti zimeshuka, kuna umeme unaovuja. Zima kila kitu, ondoa waya wa hasi wa betri ya matumizi, na uweke mita ya ampia kati yake na betri. Kidhibiti cha sola kitakula kidogo, sehemu ndogo ya ampia. Ukisoma ampia 0.5, hizo ni ampia-saa 12 kila siku, na wiki moja tu inatosha kuishusha jozi ya 200 mpaka karibu nusu. Vua fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ianguke. Fyuzi iliyoiangusha ndiyo ya njia yenye hitilafu, na aghalabu utakuta ni redio ya muziki iliyofungwa na mtu moja kwa moja kwenye betri, au swichi ya kuelea ya pampu iliyoingia maji ya chumvi ndani.